Ncha za Muhogo wa Mama Kabula

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye mashamba ya majaribio ya muhogo, jani la mwezi wa kumi msiliamini. Wakati huo jua la Mpanda linachoma mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya umeme, na muhogo ulioumwa batobato, ule ugonjwa wa kirusi unaokunja majani, tangu masika unaanza kutoa majani mapya yaliyonyooka, ya kijani, mazuri kabisa. Mwenzetu mmoja aliwahi kupita mistari yote akitangaza kwamba mimea imepona. Alitembea kifua mbele kama mganga aliyefufua mtu. Mvua ziliponyesha na ardhi ikapoa, mimea ileile ikakunja majani kama ngumi. Tangu siku hiyo hatukumwita tena kwa jina lake. Tulimwita Daktari.

Mimi kazi hiyo niliiacha. Miguu yangu haijui kutulia. Nimekaa Karema nikibeba magunia ya dagaa, nimekwenda Tabora, nimerudi, nimechimba visima huku na kule, na sasa niko Misunkumilo kwa muda, mpaka miguu ianze kuwasha tena. Lakini katika kazi zote nilizofanya kwa kidato changu cha nne, ile ya kukagua mihogo ndiyo ninayoiota. Naota harufu ya spiriti kwenye wembe. Naota shamba la Mama Kabula pembeni ya Ilembo, na katika ndoto jibu bado halijapatikana, mawingu yameshaanza kukusanyika, na watu wamekaa kwenye majembe yao wakinitazama mimi.

Basi niwaelezee, maana hata nyie mtafika siku mtatazamwa hivyo.

Mama Kabula alikuwa Msukuma, mjane. Ukoo wa mumewe ulikuja huku na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga. Mume alipofariki, ng'ombe waligawanyika kama wanavyogawanyika, naye akabaki na jembe na kipande cha ardhi. Akalima muhogo. Mwaka ninaousema, batobato ilikuwa imemaliza mashamba ya majirani zake wote. Siyo ile ya kuchora madoa ya njano tu. Ile kali, inayokunja jani likabaki kama sikio la popo, na ukichimba unakuta mzizi kama mkia wa panya. Katikati ya mashamba hayo lake lilisimama la kijani. Ukiwa barabarani ulidhani mtu amelipaka rangi.

Majirani walikuwa hawana mbegu, yaani pingili za shina za kupanda. Kila mmoja alishaamua mbegu yake atakata wapi.

Sisi tulikuwa na shamba la majaribio karibu na hapo, na mkuu wangu alikuwa dada mmoja wa Ujiji, Zainabu. Alisomea kazi za maabara, lakini maabara yetu huku ilikuwa meza moja, friji inayokorofishana na umeme, na banda la kivuli. Ni yeye aliyenifundisha kushika wembe. Alikuwa na ulimi. Ukikata pingili vibaya alikuuliza kama kwenu mnakata kuni. Siku ya kwanza tulipoingia kwa Mama Kabula alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa kwanza. Aligeuza majani, akatazama mgongo wa jani, akachuchumaa, akainuka.

"Mama, mbegu hii umeitoa wapi?"

"Kwa dada yangu. Nilikuwa bado na mume. Kila mwaka iko hivi."

"Haiumwi?"

"Ikichipua inaumwa kidogo. Halafu inaacha."

Zainabu akanitazama. Nilishakaa naye vya kutosha kujua hilo jicho. Lilisema kijani kile kina kitu ndani.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo vijana wengi mnapotea. Mmea usioonyesha ugonjwa unaweza kuwa wa aina mbili. Upo ambao kirusi hakiwezi kuishi ndani yake. Upo pia ambao kirusi kimo, ila umekibana kwenye kona na unaendelea na maisha. Kwa macho wote ni wa kijani. Wa kwanza unaweza kumpa jirani usiku ukalala. Wa pili ukimpa jirani, umempa na kile kilicho kwenye kona.

Mama Kabula alitaka kuelewa kwa nini tunakunja uso mbele ya shamba zuri. Zainabu akauliza kama kwao walikuwa na sungusungu, wale walinzi wa kijiji.

"Mume wangu alikuwa sungusungu," alisema.

"Basi hata muhogo unao. Kirusi kikiingia hakina jiko lake. Kinatumia jiko la mmea kujipika, kinatoa nakala kwa nakala. Lakini nakala zake zina namna ya kujikunja mbili mbili, na mmea wenyewe karatasi zake za maagizo hutembea moja moja. Ndani ya mmea kuna mkasi unaowinda zilizokunjwa mbili. Ukizikuta unazikata vipande vidogo sana."

"Na hapo kimekufa."

"Bado. Vile vipande havitupwi. Ni kama wezi wamechinja ng'ombe wako porini, sungusungu wakaokota kipande cha ngozi chenye chapa. Wanazunguka nacho zizi kwa zizi. Penye chapa kama hiyo, wanakamata. Mmea unafanya hivyohivyo. Walinzi wake wanashika kipande, wanatafuta kinachofanana nacho, wanakikata. Na wengine wanapiga filimbi, vipande vingine vinapanda na utomvu kwenda juu, ili machipukizi yakae tayari kabla mwizi hajafika."

Mama Kabula akacheka kidogo. "Sasa na mwizi anakaa tu?"

"Hakai, mama. Mwizi naye anakuja na ujanja wake. Batobato ziko zaidi ya moja. Kuna inayowanyang'anya walinzi ile ngozi mkononi. Kuna nyingine inaziba filimbi. Mmea unaweza kupambana na moja. Zikiingia mbili kwa pamoja, hakuna ngozi, hakuna filimbi. Ndiyo hiyo unayoiona kwa jirani."

Nadhani alielewa kabla hatujamaliza. Kama shamba lake lilikuwa limefunga batobato moja kwenye kona, na majirani wakapanda pingili hizo katikati ya mabaki ya mashamba yao, inzi weupe, wale wanaobeba kirusi kutoka mmea hadi mmea, wangeleta ile ya pili ndani ya mwaka uleule. Zingekutana. Mbegu pekee iliyobaki upande ule ingekwisha, na watu wangekumbuka imetoka kwa nani. Mwanamke mgeni, mjane, Msukuma.

Na tukisema zisipandwe, watapanda nini?

Jirani yake wa karibu alikuwa Baba Selina, Mnyamwezi ambaye babu yake alizikwa hapohapo. Mnajua Mnyamwezi na Msukuma ni watani, basi mtu huyo hakuwahi kuingia uwanja wa Mama Kabula bila kumchokoza. Alifika tukiwa bado tunazungumza, panga begani.

"Mtani, naona leo umeletewa madaktari. Ng'ombe wenu wamemaliza majani yetu yote, sasa na muhogo mnauuguza?"

"Muhogo wangu ni mzima. Wagonjwa ni wako, na mwenye shamba."

"Mimi naumwa njaa tu. Nikatie mbegu nipone."

"Wamesema tusubiri."

Utani ukaisha hapohapo. Baba Selina akateremsha panga. "Kusubiri nini? Udongo unanukia mvua. Mkinikataza hii, nyie mna nyingine?"

Hatukuwa nayo. Mbegu safi ya mradi ilikuwa imeahidiwa, na ahadi wakati huo ilikuwa iko njiani, na njia za huku mnazijua. Majani tuliyoyafunga tukayatuma kwa basi kwenda maabara kubwa yangejibiwa baada ya watu kupanda. Zainabu akamwambia ukweli huo bila kuupaka sukari. Baba Selina akatutazama mmoja mmoja, akasema atangoja, lakini wingu halitangoja.

Kipimo tulichokuwa nacho ni cha kupandikiza. Kijifunzeni, hakihitaji umeme. Tulikuwa na muhogo mmoja dhaifu tuliouita Karibu Wageni, kwa sababu haukuwahi kumfungia ugonjwa mlango. Unachukua kikonyo, yaani kipande kifupi cha shina, cha mmea unaoutilia shaka, unakichonga kama kabari, unakipachika kwenye shina la Karibu Wageni lililo safi, unafunga kwa kanda ya nailoni, unafunika usinyauke. Vikishikana, utomvu unapita. Kama kwenye kikonyo kuna kirusi kimejificha, kitavuka, na Karibu Wageni hana sungusungu wa maana. Machipukizi yake yatasema. Futa wembe kwa spiriti kila mmea. Usiguse sehemu iliyochongwa kwa kidole, hata kama umenawa. Siku hiyo nilifuta wembe uleule mara tatu, na Zainabu aliona, akasema, "Ogopa ukimaliza."

Alinifanya nichukue vikonyo sehemu mbili za kila shina: chini kabisa, pale panene, na juu, pale ambapo kijani kinaanza kugeuka kahawia. Nilimuuliza kwa nini tujiongezee kazi. Akasema anataka kujua filimbi ilifika mpaka wapi.

Halafu likaja joto. Nilishawaambia habari za jani la mwezi wa kumi: joto huuchangamsha mkasi wa mmea, na kirusi hujikunyata. Hata Karibu Wageni angeweza kutudanganya akatoa majani mazuri kwa sababu ya jua tu. Basi tukahamishia miche kwenye banda la kivuli, tukaning'iniza magunia kila upande na kuyamwagia maji asubuhi, mchana, jioni. Nilichota mpaka mabega yakawa si yangu. Gunia likikauka, kipimo kimekufa, na ukisema shamba ni safi kumbe si safi, hakuna wa kukuokoa. Nilikuwa naacha ugali sahanini nikakimbilia magunia.

Siku hizo watu walikuwa wakipita kwenye uzio wetu. Hawaulizi. Wanasimama, wanatazama banda, wanaondoka. Mmoja akajifanya anatafuta kuku. Mama Kabula mwenyewe hakuja hata mara moja. Nilimkuta kisimani, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani kwetu, akajitwisha ndoo. Alipofika mbali kidogo akageuka. "Wameanza kunikalia uwanjani," alisema. "Hawaombi. Wanakaa tu. Kunyima mbegu kwetu ni kama kunyima moto."

Ilikuwa kweli. Muhogo huku mbegu haiuzwi kwa jirani wala hainyimwi. Na ina adabu yake. Ukimkatia mtu, unamkatia kutoka chini, sehemu nene yenye macho ya karibu karibu. Ncha unawatupia mbuzi. Nimeona uchumba ukiyumba kwa sababu mzigo wa mbegu uliopelekwa ukweni ulikutwa na ncha ndani. Tena tuna kosa jingine la zamani ambalo Zainabu alilipigia kelele mpaka akachoka: mmea mzima ukizaa vizuri tunaung'oa, tunakula, shina tunalitupa likauke. Uliodumaa tunauacha, kwa kuwa hauna cha kuchimbwa. Mvua zikija, shina lililosimama ni lipi? La mgonjwa. "Mnakula wazima, mnapanda wagonjwa," alikuwa akisema, "halafu mnasema mmerogwa."

Asubuhi moja niliinua gunia nikaona jani la Karibu Wageni limejikunja ukingoni.

Nilitaka liwe limeungua. Nililigeuza. Madoa ya njano yalikuwa yameanza kando ya mshipa. Nikaenda mche wa pili, wa tatu. Wote waliopachikwa vikonyo vya chini walikuwa wameanza kukunja, mmoja sana, mwingine kidogo. Shamba la Mama Kabula lilikuwa na batobato.

Zainabu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Endelea kutazama," alisema. "Bado upande wa pili."

Miche iliyopachikwa vikonyo vya juu ilikuwa imenyooka. Mmoja baada ya mwingine. Niliangalia mgongo wa jani, nikaangalia chipukizi, nikarudia kutoka mwanzo kwa sababu sikujiamini. Ilikuwa imenyooka.

"Filimbi ilitangulia," Zainabu alisema. Hakutabasamu. "Kirusi kimebanwa chini. Juu hakijafika, au kimefika kidogo sana. Wakate juu tu."

Nikamwambia, "Dada, unajua unachokisema? Wapewe ncha?"

"Ncha zilizokomaa. Zile za kijani kabisa zitaoza. Na mtu asizilaze, apande siku hiyohiyo."

"Siyo kuoza ninakosema mimi."

"Najua unakosema," alisema, akaanza kufungua magunia.

Mama Kabula tulimkuta anapepeta. Zainabu alimweleza yote taratibu, ya chini na ya juu. Mama aliendelea kupepeta kwa muda. Kisha akaweka ungo chini.

"Mnataka niwape majirani chakula cha mbuzi."

"Ndiyo, mama."

"Na haya mashina mazuri?"

"Yachomwe. Ukiyapanda mwenyewe yatasimama, lakini inzi watakichukua kirusi kutoka kwako."

"Wakisema nimewadharau?"

 Mimi nikasema tutakuja kueleza siku hiyo. Mama Kabula akaniambia, "Mwanangu, mtu akishapewa ncha hasikii maelezo."

Walikuja mvua ya kwanza ilipolowesha ardhi, karibu mtaa mzima wa upande ule, na kamba zao za kufungia mizigo. Mama Kabula alisimama mwanzo wa mstari na panga. Akakata shina la kwanza, refu, nene, akalitupa nyuma yake. Akabaki na ile sehemu ya juu, nyembamba kama kidole, akaipunguza majani, akatoa kile kijani cha mwisho, akainyoosha kwa Baba Selina.

Hakuna aliyepokea. Zainabu akaanza kueleza na nikaona watu wanatazama miguu. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nene anaziweka kwa ajili ya ndugu zake." Mwingine akaanza kukunja kamba yake. Mkono wa Mama Kabula ulikuwa bado umenyooka.

Nikawa nahesabu kichwani ni nani ataondoka wa kwanza na wangapi watamfuata, na kama usiku wake watarudi kuyaokota yale mashina yaliyotupwa.

Baba Selina alisogea akaipokea. Akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu kizito, akaigeuzageuza.

"Mtani," alisema, "leo umenifanya mbuzi."

"Leo nimekufanya mbuzi."

"Sawa. Mbuzi anakula. Lakini nitaipanda mbele yako, na isipoota nitakuja kulala kwenye kibanda chako na wanangu wote, utulishe."

"Njoo na chumvi."

Mtu akacheka nyuma. Siyo wote. Wawili waliondoka mikono mitupu, na mpaka leo sijui walipanda nini. Waliobaki wakasogea. Yale mashina mazuri tuliyarundika, Mama Kabula akayamwagia mafuta ya taa na kuyawasha yeye mwenyewe, mbichi, yakitoa moshi mzito, na hakuondoka hapo mpaka yalipokwisha.

Mnaweza kudhani habari imeishia hapo. Kwenye kazi hii kupanda si mwisho. Pingili ikichipua ndipo inapotoa ushahidi, na ushahidi uko kwenye majani ya chini. Liwekeni hili akilini kuliko yote niliyosema: ugonjwa ulioletwa na inzi huanza majani ya juu, ya chini yakabaki safi. Uliokuja na mbegu huanza jani la kwanza kabisa, karibu na udongo. Ukiinama ukakuta jani la chini limekunja, huwezi kumsingizia inzi. Aliyetoa mbegu ndiye aliyetoa ugonjwa.

Tulikwenda shamba la Baba Selina mvua zikiwa zimeipoza ardhi, hali ambayo kirusi hakina sababu ya kujificha. Mama Kabula naye alikuja. Alisimama ukingoni, akatupa mgongo, akawa anatazama barabara. Mimi na Zainabu tukaingia, kila mmoja mstari wake, tumeinama. Safi. Safi. Baba Selina alinifuata nyuma, nasikia viatu vyake vikinasa tope. Mgongo uliniuma nikaogopa kuunyoosha, nisije nikaruka mmoja. Safi. Katikati ya shamba nikaona jani la chini lina doa la njano na ukingo umeingia ndani. Nikasimama. Mbele kidogo, mwingine.

Tulipofika mwisho tulirudi pale alipokuwa. Bado alikuwa ametupa mgongo.

"Semeni," alisema.

"Mama, shamba ni zima," Zainabu akasema. "Limechipua vizuri."

"Lote?"

Zainabu alinitazama. Kwa mara ya kwanza alinitaka niseme mimi.

"Siyo lote, mama. Ipo michache imetoka na ugonjwa chini."

"Ya kwangu."

"Ya kwako."

Akageuka. Alivua kandambili, akaingia kwenye tope, akaniomba nimwonyeshe. Nilipomwonyesha aliinama akalitazama lile jani kwa karibu, akashika mmea kwenye kitako. Kisha akasita, akamtazama mwenye shamba, kwa sababu haikuwa mali yake tena.

"Ng'oa, mtani," Baba Selina alisema, naye akawa ameshainama kwenye wa pili. "Ng'oa na mzizi."